Sambaza, maharagi na sombe: historia ya chungu cha Goma

Sambaza si mzaliwa wa ziwa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960 na Mbelgiji mmoja, Collart, aliyekuwa akishughulikia mambo ya uvuvi. Leo hakuna mtaa wa Goma, kutoka Birere hadi Mugunga, ambako samaki huyo hajulikani, na kwa jamaa nyingi ndiye nyama pekee ya juma zima. Karibu kila kitu kilicho kwenye sahani ya kawaida ya mji huu kina habari kama hiyo: kilitoka mbali, kililetwa na mtu mwenye sababu zake, kisha kikabaki kwa sababu akina mama waliona kinafaa.

Habari hii ina maana siku hizi, kwa kuwa mazungumzo juu ya kula vizuri mara nyingi huja na mabango yenye picha za mayai, kuku, maziwa na matunda ya aina tano. Mabango hayo hayasemi uongo. Lakini mama anayetoka alfajiri kwenda kubeba mizigo au kuuza nyanya, akarudi giza limeingia na faranka za kutosha unga na makala tu, hana la kufanya na picha ya kuku. Chakula kinachoweza kumlisha yeye na watoto wake kipo soko la Virunga na soko la Alanine, na kina historia ya zaidi ya miaka mia.

Kabla ya mkoloni, wakaaji wa milima inayozunguka Goma walikula vilivyotoka shambani karibu na nyumba: ndizi, mtama, ulezi, viazi vitamu, maharagi, na maziwa kwa wenye ng'ombe. Maharagi yenyewe, ambayo kila mtu huyaona kuwa chakula cha mababu, asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari pamoja na Wareno, yakapanda milima hii kwa njia ya biashara, mkono kwa mkono, kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa Kivu mwaka 1894. Mpunga ulitoka upande mwingine, kwa wafanyabiashara wa Pwani waliofika Maniema katika karne ya 19, na Kiswahili hiki kilipita njia hiyohiyo. Goma haikuwa mji bado. Ilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani, baada ya mpaka kukubaliwa mwaka 1910.

Mabadiliko makubwa ya chungu yalikuja na sheria. Tarehe 20 Februari 1917 utawala wa Kongo ya Wabelgiji uliweka kilimo cha lazima: mwanaume angeweza kulazimishwa kulima siku 60 kwa mwaka mazao yaliyochaguliwa na serikali. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Kati ya mazao yaliyopendwa na watawala ulikuwamo muhogo, kwa sababu huvumilia ukame na hukaa ardhini ukimngoja mwenye nao. Waliuhesabu kuwa kinga ya njaa.

Njaa ya tumbo uliizuia kweli. Lakini unga wa muhogo ni wa kushibisha tu. Protini iliyomo ni kidogo sana. Bahati nzuri, akina mama wa Kongo hawakuchukua mzizi peke yake, walichukua na majani. Sombe ina protini, vitamini A na madini ya chuma ambavyo mzizi hauna. Sheria ya lazima ilitaka mzizi. Ni wanawake walioyafanya majani kuwa mboga ya kila siku.

Muhogo una hatari yake, na katika historia hatari hiyo hutokea pale ambapo watu wana haraka. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa eneo la Kwango, magharibi mwa Kongo, ambao Wayaka waliuita konzo, neno la kufungwa miguu. Mtu mzima kabisa, mara nyingi mtoto au mama mwenye umri wa kuzaa, huamka asubuhi miguu imekaza, na haiponi tena. Chanzo ni sumu ya sianidi iliyobaki katika muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, kwa mtu ambaye sahani yake haina maharagi wala samaki. Tanzania iliona konzo wilayani Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985. Katika Kivu ya Kusini ugonjwa huo ulionekana wakati wa vita, kwa watu waliokuwa wakila muhogo karibu peke yake. Mtu anayekimbia hana siku tatu au nne za kuloweka mihogo mtoni.

Kwa unga ambao mtu hana hakika nao, Howard Bradbury wa Australia alitengeneza njia rahisi, ambayo imetumika sana katika vijiji vya Kwango: unga huchanganywa na maji hadi ulowe, ukatandazwa kwa unene usiofika sentimeta moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke kama hewa, kisha ukapikwa bugali siku hiyohiyo. Haigharimu kitu. Sombe nayo, hata hii inayosagwa kwa mashine sokoni siku hizi, inahitaji kuchemshwa muda mrefu bila kufunika chungu, kwa sababu hiyohiyo.

Sheria ya lazima ilifuatwa na mashamba makubwa. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kupewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya mkoa. Walowezi wakapanda kahawa, chai na pareto. Wafanyakazi walihitajika. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala uliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, nchi iliyopitia njaa kali ya 1928 na tena ile ya 1943, na mabishano ya ardhi yaliyozaliwa hapo yanajulikana na kila mtu mkoani. Kuhusu chakula, jambo lililobadilika ni hili: mtu aliyefanya kazi ya shamba la mwingine alilishwa posho. Sheria ya kazi ya mwaka 1922 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula au thamani yake. Mtu hakula tena alicholima, alikula alicholipwa. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo jamaa za Goma zinalijua hadi leo, la kujaza sahani kwa mshahara mdogo na kwa saa zilizobaki baada ya kazi ya mwingine.

Viazi mviringo vililetwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 na kupenda baridi ya Kibumba, ambako kabichi na karoti pia zinastawi. Jibini ya Masisi, fahari ya mkoa, ilianzishwa na watawa Wabelgiji miaka ya 1970. Ni nzuri, lakini haikuwahi kuwa chakula cha maskini, kwa hiyo iachwe.

Sura iliyofundisha zaidi katika historia hii haikutokea Goma bali upande wa pili wa ziwa. Bashi walikuwa na jina la ugonjwa wa watoto waliovimba: bwaki. Miguu hujaa maji, nywele hupoteza weusi na kung'oka kirahisi, ngozi hubanduka, na mtoto anakataa kucheza na hata kula. Mgeni aliweza kumwona mnene. Mwaka 1935 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za ugonjwa huohuo kwa jina alilopewa na watu wa Accra, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amefika. Dunia ilishika jina la Accra. Kivu iliendelea kusema bwaki.

Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na kituo chake kikubwa kikajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Kati ya mambo yaliyochunguzwa huko, bwaki ilikuwa mbele, na hospitali ya watoto ya Lwiro imewatibu wagonjwa wa utapiamlo kwa miaka mingi hadi nyakati zetu. Ilikuwa ajabu kuiona bwaki katika nchi ya kijani kama Bushi, yenye mvua na migomba kila kilima. Lakini migomba mingi ilikuwa ya kutengeneza kasiksi ya kuuza, maziwa yalikuwa ya wachache, na mtoto aliyeachishwa alipewa muhogo na ndizi. Tumbo lilijaa kila siku, mtoto akaugua.

Mwaka 1965, wakati nchi ilikuwa inatoka katika machafuko ya uasi, watu wa Bukavu waliunda Comité Anti-Bwaki. Jina hilo linafaa kutazamwa mara ya pili. Halikuchukuliwa kutoka kitabu cha daktari. Lilikuwa neno ambalo mama wa kijijini alilielewa bila mkalimani. Katika miaka iliyofuata, vituo vya lishe na vya afya, vingi vikiwa chini ya parokia na misheni, vilieneza soya Kivu nzima. Uji ukapata jina lake: masoso, herufi za mwanzo za majina ya Kifaransa ya mahindi, soya na mtama. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, huitwa sosoma, na ni herufi zilezile zilizopangwa upya. Soya ina sharti moja ambalo wauzaji wa unga wa haraka hulisahau: lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, kwani mbichi huzuia tumbo kutumia protini yake.

Wataalamu wa dunia walibishana wakati huo. Kwa miaka mingi walisema tatizo la watoto wa Afrika ni protini tu, hata wakatengeneza unga wa protini wa kiwandani. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba imani hiyo ilikuwa kosa kubwa: watoto wengi walikuwa wanakosa chakula chote, si kipande kimoja. Uji wa masoso uliokolea, ukatiwa kijiko cha mafuta na kupewa mtoto mara kadhaa kwa siku, unajibu pande zote mbili za ubishi huo.

Kilichobaki kutoka miaka hiyo ni desturi ya kupima. Katika vituo vya afya vya Goma mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hufungwa utepe mkononi juu ya kiwiko. Chini ya milimita 125 ni hatari. Chini ya 115 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo hatibiwi kwa uji wa nyumbani pekee. Hupewa chakula cha tiba cha karanga, maziwa, mafuta na sukari, kilichobuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa André Briend na kujulikana mitaani kwa jina la Plumpy'Nut. Mtoto ambaye miguu yake imevimba yote miwili, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, anapaswa kupelekwa kituoni hata kama utepe unaonyesha mkono mzuri. Hiyo ni bwaki, na utepe hauioni.

Sasa turudi kwa sambaza. Ziwa Kivu lina eneo la kilometa za mraba kama 2,400 na kina cha mita karibu 485, lakini ni maskini wa samaki. Volkano za Virunga ziliziba njia ya zamani ya maji kuelekea kaskazini. Ziwa likapanda, likamwagikia kusini kwa mto Ruzizi, na maporomoko ya mto huo yakazuia samaki wa Tanganyika wasipande. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi. Sehemu ya juu, katikati ya ziwa, ilijaa vijidudu vidogo vya majini, na hapakuwa na samaki wa kuvila kwa wingi. Collart na wenzake waliona hayo kama shamba lisilo na ng'ombe.

Walileta vifaranga vya aina mbili za jamii ya ndagala, wale wanaojulikana Uvira na Bujumbura. Aina ya kwanza, Stolothrissa, ndiyo iliyotegemewa zaidi, ikafa. Ya pili, Limnothrissa miodon, ikashika. Uhuru ukaja, Wabelgiji wakaondoka, uasi ukapita, na kwa miaka kadhaa samaki walizaana bila kelele. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba ziwa limejaa. Mwaka 1979 mradi wa FAO na PNUD ulianza upande wa Gisenyi kufundisha uvuvi wa usiku: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mkubwa katikati, na taa za kuwavuta samaki juu. Taa zile zinazoonekana ziwani usiku, kama mtaa mwingine wa mji, ni mwana wa mradi huo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazishindani na mbingu, samaki hutawanyika, na bei ya Kituku hupanda. Anayejua hilo hununua sambaza siku za giza na kuwaanika kwa siku za mwanga.

Kwa mtu wa mfuko mdogo sambaza ana faida ambayo kipande cha nyama ya ng'ombe hakina. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, na mifupa hiyo ndiyo chokaa ya meno na mifupa ya mtoto. Huuzwa kwa kipimo kidogo kabisa, hata kwa faranka zilizobaki baada ya kununua unga. Akikauka vizuri anakaa majuma bila friji. Kwa mtoto mdogo husagwa unga na kutiwa kwenye uji. Wataalamu wa ziwa wana malalamiko yao juu ya samaki mgeni aliyebadilisha maisha ya majini, na yana msingi. Lakini kati ya miradi yote ya maendeleo iliyopita Kivu tangu enzi ya mkoloni, ni vigumu kutaja mwingine uliowalisha maskini wengi hivyo.

Maharagi ni habari nyingine, kwa sababu gharama yake haiko kwenye maharagi. Iko kwenye makala. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na mji uliokua pembeni yake umepikia miti ya hifadhi hiyo kwa miongo mingi, halali au haramu. Umeme wa Matebe, ulioanza kutoka Rutshuru mwaka 2015, umefika baadhi ya mitaa, lakini jamaa nyingi bado zinapikia mbabula. Chungu cha maharagi kinaweza kula makala ya pesa sawa na maharagi yenyewe. Ndiyo sababu mama mwenye haraka huyaacha na kupika bugali na maji ya nyanya, na ndiyo sababu bwaki haijahama mji.

Akina mama wa zamani walijibu kwa njia zao. Maharagi yalilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakawekwa kwenye mbabula jioni wakati wa mazungumzo, yakapikwa mengi ya siku mbili. Asubuhi yaliyobaki yaliliwa kabla ya shamba. Chungu kimoja kilipikwa maharagi na viazi, au impungure, mahindi na maharagi pamoja, hivyo moto mmoja ukafanya kazi ya mbili. Jambo moja walilijua ambalo mnunuzi wa mjini hulisahau: maharagi yaliyokaa ghalani msimu mzima huwa magumu na hayaivi upesi. Muuzaji huyashusha bei, na mnunuzi anarudisha punguzo hilo kwa makala. Mapya ya bei ya juu kidogo mara nyingi ndiyo rahisi. Katika miaka ya 2010 watafiti wa INERA pale Mulungu, Kivu ya Kusini, walitoa mbegu za maharagi yenye madini ya chuma zaidi, za kupambana na upungufu wa damu kwa wanawake na watoto. Chai, urithi wa mashamba yaleyale ya walowezi, huzuia mwili kuchukua chuma ikinywewa pamoja na chakula. Ndimu au nyanya mbichi husaidia. Kuahirisha chai kwa saa moja si gharama.

Mawese nayo isisahauliwe. Rangi yake nyekundu ndiyo vitamini A yenyewe. Desturi ya kuyachoma mafuta hadi yawe meupe, ambayo baadhi ya nyumba huiona ni ya kistaarabu, inachoma kile kilichonunuliwa.

Goma imejengwa juu ya jiwe la volkano. Lava ya tarehe 10 Januari 1977 na ile ya 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, iliacha mitaa ambako jembe halishiki kitu. Wanaotaka lenga-lenga karibu na mlango huletewa udongo kwa chukudu na kuupandia kwenye magunia. Majani ya kwanza huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Mengine yote hutoka nje: maharagi na mahindi Rutshuru, viazi Kibumba, muhogo na ndizi Masisi na Walikale, samaki wa chumvi Vitshumbi, mboga na matunda Idjwi na Minova. Kwa hiyo sahani ya Goma ni barabara nne na ziwa moja. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipokata barabara ya Rutshuru, sokoni ilihisiwa mara moja.

Vita imekata barabara hizo mara nyingi zaidi ya volkano. Julai 1994 watu kati ya laki tano na laki nane walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu, katika makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga. Tangu hapo mji umejifunza lugha ya posho la PAM: unga, maharagi au mbaazi, mafuta, chumvi. Hesabu ya mashirika ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, inapopatikana. Hakuna jani lolote ndani yake, wala samaki.

Kwa hiyo wakimbizi waliuza sehemu ya posho, na wengine waliwalaumu: wanapewa chakula, wanauza. Mtu aliyewahi kupika angeona jambo jingine. Mama aliyeuza kipimo cha unga ili apate fungu la sombe, sambaza wa faranka kidogo na pesa ya makala alikuwa anatengeneza sahani ambayo hesabu ya ghalani haikuitengeneza. Alifanya vilevile alivyofanya bibi wa enzi ya kilimo cha lazima, aliyepewa amri ya mzizi akaongeza majani.

Baada ya M23 kurudi vitani, wadeplase wa Rutshuru na Nyiragongo walijaa Kanyaruchinya tangu mwaka 2022. Wa Masisi wakaja Bulengo, Lushagala na Rusayo. Kuanzia Februari 2024 mapigano ya kandokando ya Sake yalifunga barabara ya Minova, na chakula cha upande huo kikalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo, ilizama ikiwa karibu kutia nanga Kituku. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliowangoja bandarini. Wengi wao walikuwa katika safari ya kawaida ya wiki, ya kupeleka na kununua.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia mjini. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na pesa taslimu ikawa ngumu kuliko chakula chenyewe: vibanda vilikuwa na unga, mnunuzi hakuwa na noti. Februari makambi yakabomolewa, na jamaa zilizokaa humo mwaka mmoja, miwili au mitatu zikafunga mizigo kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengine walikuta nyumba hazipo.

Katika kalenda ya wakulima wa Kivu, katikati ya Februari ndipo msimu wa pili, ule unaoitwa msimu B, unapoanza. Aliyefika na kopo moja la maharagi alikuwa na uamuzi wa kufanya usiku wa kwanza, kati ya kuyapika na kuyapanda. Maharagi yaliyopandwa siku hizo hutoa majani ya kuchuma kama mboga kabla ya Machi kuisha, mabichi ya kumenya karibu Mei, na makavu ya kuweka ghalani Juni.